Hasira kwa Rais Si Kura kwa Chama

Kila baada ya miezi michache utafiti mpya wa maoni hutolewa, na siku hiyo hiyo wachanganuzi wa redio na runinga huwa wameshaigawa nchi upya. Rais ameshuka, wanasema, kwa hiyo chama chake kimeshuka. Ameshuka zaidi Nairobi, kwa hiyo Nairobi imeenda kwa upinzani. Amepanda Kaskazini Mashariki, basi chama tawala kimeiteka Kaskazini Mashariki. Jioni wanasiasa hulirudia jambo hilo matangani na kwenye harambee kana kwamba kura zimeshahesabiwa.

Mimi naikataa hesabu hiyo. Sizikatai takwimu zenyewe. Kampuni kama Infotrak na TIFA zina utaratibu unaoeleweka, na sheria ya 2012 kuhusu uchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi inadai msomaji aambiwe nani alilipia utafiti, waliulizwa watu wangapi na waliulizwa nini. Ninachokataa ni ule mruko kutoka swali la "je, umeridhika na utendakazi wa rais?" hadi uamuzi kwamba chama fulani kimepoteza wafuasi na chama kingine kimewapata. Mruko huo hauna msingi katika siasa za Kenya, na anayetaka ushahidi aje Eastleigh.

Eastleigh imo katika eneobunge la Kamukunji, Nairobi, lenye wadi za Eastleigh North, Eastleigh South, Airbase, California na Pumwani. Mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, Kamukunji ilimchagua George Nthenge, mmoja wa waasisi wa FORD, kwa tiketi ya FORD-Asili. Mwaka 1997 ikampa kiti Norman Nyagah wa DP. Mwaka 2002 Nyagah huyo huyo akarudi akiwa NARC. Uchaguzi wa 2007 ulifutwa na mahakama, na katika uchaguzi mdogo wa Agosti 2011 Yusuf Hassan akashinda kwa PNU. Mwaka 2013 alikuwa TNA, na mwaka 2017 Jubilee. Vyama sita katika robo karne, na vingi kati ya hivyo leo ama vimekufa ama vimesinyaa. Sasa niambie, katika miaka hiyo yote, mkaazi wa Section Two ya Eastleigh alikuwa "mfuasi" wa chama gani? Aliyempigia Nyagah kura mara mbili alikuwa wa DP aliyehamia NARC, au alikuwa mtu wa Nyagah tangu mwanzo?

Jambo lililo zito zaidi ni hili. Aprili 2014 serikali ya Uhuru Kenyatta ilianzisha operesheni ya Usalama Watch. Polisi waliingia Eastleigh usiku, mlango kwa mlango, na maelfu ya watu wakakamatwa. Uwanja wa michezo wa Kasarani ukageuzwa mahali pa kuwazuilia watu na kuwachuja. Wakaazi wenye vitambulisho halali walitoa pesa ili waachwe walale, na mashirika ya haki za binadamu yaliandika habari hiyo kwa kirefu. Mtaani watu walisema wazi kwamba wamefanywa mashine za kutolea pesa. Miaka sita baadaye, Mei 2020, serikali hiyo hiyo ikaifunga Eastleigh pamoja na Mji wa Kale wa Mombasa kwa sababu ya corona, hakuna kuingia wala kutoka kwa takriban mwezi mzima, ilhali biashara ya jumla ya mtaa huu inategemea wateja wanaotoka miji mingine na hata nchi jirani. Kama hasira kwa rais ingekuwa kura kwa upinzani, Jubilee, chama chake, ingefutika hapa. Mwaka 2017 Kamukunji ilimrudisha Yusuf Hassan kwa tiketi ya Jubilee. Mwaka 2022 ikamrudisha tena kwa tiketi hiyo hiyo, wakati Jubilee ilikuwa inaanguka karibu kila mahali nchini.

Waliompa kura hawakuwa wamesahau. Walimchagua mtu wanayemjua, ambaye mwenyewe alijeruhiwa vibaya kwa guruneti Eastleigh Desemba 2012, na ambaye wazee na wafanyabiashara wangeweza kumfikia mambo yakiharibika. Swali la rais walilijibu upande mmoja na la mbunge upande mwingine. Utafiti uliouliza la kwanza usingeweza kukuambia la pili.

Nitaambiwa kwamba kiti cha ubunge ni jambo la mtaani na kwamba chama hupimwa kwa kura ya urais. Basi chama kinaishi wapi, kama hakiishi katika viti? Chama kisicho na wabunge, madiwani, ofisi iliyo wazi katikati ya muhula, wala mwanachama anayelipa ada, kimebaki jina la mgombea urais kwenye karatasi ya kura. Kusema umaarufu wa rais unaonyesha nguvu ya chama chake hapo ni kusema umaarufu wa rais unaonyesha umaarufu wa rais.

Mtindo huu wa kusoma takwimu umetoka Marekani, ambako shirika la Gallup lilianza kupima kuridhika na rais tangu enzi za Roosevelt. Huko vyama ni viwili, vina zaidi ya karne moja na nusu, mtu huzaliwa katika nyumba ya chama na mara nyingi huzikwa nacho. Rais akishuka, chama chake hupoteza viti bungeni katikati ya muhula. Ni kanuni iliyoshikilia kwa miaka mingi. Na hata huko ililegea mwaka 2022, Joe Biden alipokuwa hapendwi na zaidi ya nusu ya wananchi, lakini chama chake kikapoteza viti vichache tu katika Baraza la Wawakilishi na kuongeza kimoja katika Seneti. Ufaransa mwaka huo huo Emmanuel Macron, rais ambaye wengi hawakuridhika naye, alichaguliwa tena kwa zaidi ya asilimia 58 kwa kuwa mpinzani aliyebaki aliogopwa zaidi. Ikiwa kipimo hicho kinayumba kwao, kwa nini tukiamini bila swali kwetu, ambako NARC iliingia Ikulu Desemba 2002 kwa asilimia 62 na kufikia Desemba 2007 rais wake alikuwa anawania kwa PNU, chama kilichoundwa miezi michache tu kabla?

Hoja nzuri kuliko zote za upande wa pili ni ya 2022 yenyewe, na sitaki kuikwepa. Watasema: Uhuru alichukiwa Mlima Kenya, Jubilee ikaporomoka kutoka chama kikubwa kabisa bungeni hadi viti visivyofika 30. Si hapo hasira ilihama na kuwa kura? Ilihama, ndiyo. Tazama ilikoenda. Haikwenda kwa kiongozi wa upinzani, kwa sababu kiongozi wa upinzani, Raila Odinga, alikuwa ameshikana mkono na rais Machi 2018 na sasa alikuwa ndiye chaguo la rais. Ilivunwa na naibu wa rais wa serikali ile ile, William Ruto, aliyekuwa ofisini tangu 2013. Wabunge waliochaguliwa kwa UDA, chama cha Ruto, wengi wao walikuwa wabunge wa Jubilee jana yake. Anayesoma takwimu kwa kanuni ya "rais akishuka upinzani hupanda" angesema mwaka 2021 kwamba Raila amefaidika, na wengi walisema hivyo hasa. Tafiti nyingi za wiki za mwisho zilimweka Raila mbele. Ruto akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49.

Sasa chukua Juni 2024. Mswada wa Fedha ulikuja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye mkate na ushuru wa asilimia 2.5 kwa magari, mwaka mmoja tu baada ya kodi ya mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 na wafanyakazi kuanza kukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba. Vijana wakajaa barabarani. Juni 25 wakaingia Bungeni, watu wakauawa kwa risasi, na kesho yake rais akakataa kutia sahihi mswada wake mwenyewe. Hakuna utafiti uliohitajika kujua kwamba rais ameshuka. Lakini vijana wale walisema nini kuhusu vyama? Walisema hawana chama, hawana kabila, hawana kiongozi. Raila alipodokeza mazungumzo, wakamkataa naye. Mwezi uliofuata John Mbadi, Hassan Joho, Opiyo Wandayi na Wycliffe Oparanya, wote vigogo wa ODM, chama cha Raila, waliteuliwa mawaziri, na Machi 7, 2025, Ruto na Raila wakatia sahihi mkataba katika KICC. Chama kikuu cha upinzani kiliingia serikalini wakati ule ule ambapo, kwa hesabu ya wachanganuzi, kilipaswa kuwa kinavuna.

Kilichofuata kilizidi kuvuruga hesabu. Katika ngome za ODM, watu waliokuwa wakimpinga rais walianza kuwaambia watafiti kwamba angalau wanaridhika naye, na mara tukaambiwa UDA imeota mizizi Nyanza. Haikuwa imeota chochote. Watu walikuwa wanaridhika kwamba kiongozi wao amepewa nafasi mezani. Raila alipofariki Oktoba 15, 2025, ugomvi uliozuka ulikuwa ndani ya ODM yenyewe, kuhusu nani amrithi na kama wabaki katika Serikali Jumuishi, yaani ushirikiano wao na Ruto. Sikumsikia yeyote akibishana iwapo wawe UDA.

Turudi mtaani, kwa sababu hapa ndipo takwimu hutengenezwa. Utafiti wa kitaifa huhoji watu 2,000 au zaidi kidogo. Nairobi ina takriban asilimia 9 ya Wakenya kwa sensa ya 2019, kwa hiyo humo wataingia kama watu 180 au 200. Gawanya kwa maeneobunge 17. Kamukunji nzima inapata watu kumi au kumi na mmoja, na wengine kati yao wako Pumwani au Shauri Moyo. Hata kwa Nairobi yote, watu 200 wanabeba kiwango cha makosa cha karibu asilimia 7 juu au chini. Anayekuambia kwamba rais amepoteza alama nne Nairobi tangu utafiti uliopita anakuambia jambo ambalo chombo chake hakiwezi kuliona.

Halafu kuna simu yenyewe. Ghorofa ya pili ya jumba moja la maduka karibu na Jam Street, mama mmoja anayeuza dera na mashuka alipigiwa nikiwa nimesimama mbele ya meza yake. Aliweka spika kwa kuwa mikono ilikuwa inakunja bidhaa. Sauti ya upole ikajitambulisha, ikauliza kama nchi inaelekea pazuri na kama ameridhika na rais. Akaacha kukunja. "Nambari yangu umepata wapi?" Akajibiwa kwamba ilichaguliwa bila mpangilio. "Rais mzuri. Serikali nzuri. Asante," akasema, akakata. Kisha, kabla hata ya kunitajia bei, akanieleza kwa uchungu kuhusu kontena iliyokaa bandarini, ushuru uliobadilika mzigo ukiwa baharini, na makato ya bima ya afya ya SHA ambayo haoni dawa yake. Nikamuuliza, "Mama, mbona umemwambia mzuri?" Akaniangalia kama mtoto. "Mwanangu, huyo simjui. Na kipande cha kijana wangu bado hakijatoka. Ungetaka nimwambie nini?"

Mtafiti aliandika "ameridhika sana", na hakukosea kuandika. Ndilo jibu alilopewa. Lakini Eastleigh ni mtaa ambao kwa miongo mingi mgeni anayekuuliza maswali alikuwa polisi, kanjo, au mtu wa kukagua vitambulisho. Tangu ule mchujo wa Wakenya Wasomali wa 1989, swali la serikali hapa limekuwa mtihani wa uraia. Rais Ruto alipotangaza Wajir, Februari 2025, kwamba vijana wa kaunti za mpakani hawatachujwa tena kabla ya kupewa kitambulisho, wengi walifurahi kwa dhati, na furaha hiyo ikiingia katika takwimu za kuridhika ni haki yake kabisa. Ila ni furaha ya mtu aliyerudishiwa kilicho chake. Kuiandika kama uanachama wa UDA ni kumkosea mara ya pili.

Kipande hicho, yaani kitambulisho, kinavuruga mengine pia. Laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho. Kijana asiye nacho hutumia laini ya binamu au ya mama. Akipokea simu ya mtafiti atahesabiwa kuwa Mkenya mtu mzima mwenye maoni, na ndiye, lakini siku ya uchaguzi hana kura. Jirani yake anacho, ila amejiandikisha Garissa au Mandera, maana huko ndiko ukoo unahesabu watu wake, na uchaguzi ukikaribia hupanda basi la kwenda nyumbani. Anapojibu simu akiwa First Avenue, maoni yake yanaandikwa Nairobi. Kura yake itahesabiwa kilomita mamia kutoka hapa, mahali ambapo huenda hata ubishi wa vyama ulishamalizwa na wazee. Mandera mwaka 2013 baraza la wazee wa Garre lilikaa, likagawa viti kwa makubaliano, na wawaniaji wakafuata. Gavana wa kwanza wa kaunti hiyo, Ali Roba, alichaguliwa kwa URP, akarudi kwa Jubilee, kisha mwaka 2022 akawa seneta kwa UDM. UDM ilifanya kampeni ikiwa ndani ya Azimio, muungano wa Raila, na kura zilipokwisha kuhesabiwa ikavuka na kujiunga na Kenya Kwanza, muungano wa Ruto. Mpigakura hakubadilisha chochote. Chama alichokichagua ndicho kilichobadilisha upande wa kuketi Bungeni. Ni swali gani kuhusu rais lingelitabiri hilo?

Wafanyabiashara wa hapa wanajua tofauti ya mteja anayeuliza bei na mteja anayenunua. Wa kwanza anaweza kusimama nusu saa, apapase kitambaa, alalamike kwamba ni ghali, aende. Duka linalohesabu waulizaji bei kama mauzo litafungwa kabla ya Ramadhani. Takwimu za kuridhika na rais ni za waulizaji bei, na wachanganuzi wetu wanaziingiza kwenye daftari la mauzo.

Novemba 27, 2025, tulipata chaguzi ndogo katika maeneo kadhaa. Mbeere Kaskazini iko Embu, ndani ya Mlima Kenya, ambako hasira ya kung'olewa kwa naibu wa rais Rigathi Gachagua Oktoba 2024 haikuwa imepoa. Tuliambiwa UDA imekwisha huko. Leonard Muthende wa UDA alishinda, kwa tofauti ndogo sana na mpinzani wa DP. Malava, Kakamega, UDA ikashinda pia kwa jasho. Najua yatakayosemwa: mawaziri walipiga kambi, pesa zilimwagwa, fujo zilikuwepo. Sipingi hata moja. Naongeza tu kwamba pesa, mawaziri na mitambo ya serikali vitakuwepo 2027 pia, na kwamba havionekani popote katika asilimia ya walioridhika na rais.

Na wako wengine wasioonekana. Agosti 2022 waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 22.1. Waliopiga kura hawakufika milioni 14.4. Watu karibu milioni 7.8 walibaki nyumbani, wakati mshindi alipata milioni 7.18. Waliobaki nyumbani walimshinda rais. Mwaka 2013 waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 86, mwaka 2017 wakapungua, mwaka 2022 wakawa kama 65. Huko ndiko naona uungwaji mkono wa vyama ukienda: hautoki kwa chama tawala kuelekea upinzani, unatoka kwa vyote viwili na kukaa pembeni. Watafiti wenyewe wakiuliza mtu ana chama gani, kundi kubwa hujibu kwamba halina, na jibu hilo huwekwa chini ya jedwali kana kwamba ni makapi.

Kwa nini nalisemea jambo hili kwa ukali? Kwa sababu usomaji huu mbovu una gharama, na mtaa huu unailipa. Kiongozi wa upinzani akiambiwa kwamba hasira ya Nairobi ni yake tayari, haji kuuliza chochote. Hana haja ya kusema atafanya nini na maji taka yanayofurika First Avenue mvua ikinyesha, au na ushuru unaobadilika meli ikiwa njiani, au na msako wa usiku utakaofuata shambulio lolote lijalo. Kiongozi wa serikali akiambiwa kwamba Wasomali wanamkubali, naye anaamini ameshalipa deni lote kwa tangazo moja la Wajir. Wote wawili wanatuhesabu, na hakuna anayetuomba kura. Wanaofaidika kwa uhakika na asilimia za rais ni wanasiasa wanaotafuta kuhama: asilimia zikishuka, bei ya mbunge anayebaki hupanda, na ya anayetishia kuondoka hupanda zaidi. Kwa hilo, nakubali, takwimu hizi zinatoa habari nzuri sana. Zinaonyesha nani ataita mkutano wa wanahabari wiki ijayo.

Uandikishaji wa wapigakura ulianza tena Septemba 29, 2025, na uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Kampuni inayotaka kutuambia vyama vinasimama wapi Kamukunji iache kutegemea simu kumi tu. Ilete wahojaji wanaozungumza Kisomali pamoja na Kiswahili, wakae mtaani hadi watu wawazoee, na wamuulize kila mtu kama ana kipande, kama jina lake liko kwenye sajili na ya wapi, kama alipiga kura mara iliyopita, kama anakusudia kupiga tena, na ni nani akihama chama yeye atahama naye. Swali la rais waliulize pia, mwishoni, mtu akiwa ameshakunywa chai yake.